Jibini Aliyokula Mbwa

Mashine za kuchuna majani chai zilipotutoa shambani, mimi na Nyambeki tulipata kazi ya kutengeneza jibini ya mbuzi huko Chepseon. Kila jioni bosi alitugawia vipande vilivyovunjika. Mimi nilikula changu. Nyambeki alimtupia mbwa wake, maana kwake hayo yalikuwa maziwa yaliyooza, tena yananuka beberu.

Mumewe, Omariba, alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu na amekonda vibaya. Nyambeki alimlisha kitunguu saumu. Chakula kinachowasha ulimi, alisema, ndicho chenye nguvu. Nilijua ni upuuzi, nikanyamaza. Hilo sijisamehe.

Siku moja nesi wa kliniki alimuuliza Omariba anakula nini. Nyambeki akamjibia kwa fahari.

“Kitunguu saumu, sista. Punje tatu kila mlo.”

“Mama, hicho ni kiungo,” nesi akasema. “Kina vitamini, sawa, lakini punje tatu hazijengi mwili. Kipande cha jibini, hata cha ukubwa wa kiberiti tu, kina protini karibu mara kumi ya hizo, na mafuta juu. Lakini jibini mtaitoa wapi? Mpe maharagwe na mayai.”

Jioni hiyo Nyambeki alikibeba kipande chake kama yai, akakiponda kwenye uji. Omariba, kwa udhaifu, hakuweza tena kumeza.

Tulimzika Ijumaa. Mbwa alilala kando ya kaburi, mnene, manyoya yaking'aa. Mgeni mmoja, akitafuta la kusema, akamuuliza Nyambeki wanamlisha nini.