Nilimchagulia Shemeji Kamera, Sasa Anaamini Yeye Ndiye Hawezi

Admin, naomba ufiche jina langu, maana ukweni wanafuatilia sana ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi Lushoto mjini na mke wangu, nauza vifaa vya simu. Kwa sababu ya kazi hiyo, ukweni kule Mtae wananiona fundi wa kila kitu chenye betri.

Mdogo wake mke wangu alikuwa akipiga picha za harusi na ubarikio wa vijana kanisani kwa simu. Akalima viazi, akauza, akaniomba nikienda Dar nimchagulie kamera ya kuanzia. "Shemeji, wewe ndiye unayejua," aliniambia. Sikujua chochote, ila niliona aibu kusema.

Dukani muuzaji alinionyesha kamera yenye lenzi ndogo, akasema kwa anayeanza inatosha. Niliiona ya kitoto. Nikang'ang'ania lenzi ndefu, nzito, iliyotumika, kama zile za waandishi wa habari. Yule kaka akanieleza kwamba kamera ile haina mota ndani, hivyo lenzi hiyo haitafokasi yenyewe, lazima uizungushe kwa mkono hadi picha iwe wazi. Nikaitikia kama nimeelewa, nikalipa.

Nilipoipeleka Mtae, mama mkwe alinichinjia kuku. Lakini picha zikaanza kutoka na ukungu. Shemeji alipouliza kama kuna kitu hajabonyeza, nikamwambia azoee tu, kamera za maana zinataka mkono mzoefu. Kisha akapata kazi ya harusi kule Mlola. Bibi harusi akiingia kanisani, akivishwa pete, akikata keki, zote ukungu. Mke wangu alikuwepo siku ya kupeleka picha. Anasema mdogo wake alipiga magoti kuwaomba radhi wazazi wa bibi harusi, na yule mama akalia tu.

Shemeji akaenda kupima macho. Akaambiwa hayana tatizo. Ndipo maneno ya muuzaji yakanirudia, nikamuuliza mpiga picha mmoja hapa mjini, akathibitisha kuwa tatizo ni lenzi.

Nimeshanunua inayofaa, nimeificha dukani, hata mke wangu hajui. Nilipanga kudanganya kwamba ile ya kwanza iliharibika, yaishe. Lakini juzi shemeji kanipigia, kanisalimia shikamoo kama kawaida, kaniomba nimtafutie mtu wa kuinunua kamera. Akasema, "Usidhani sina shukrani, shemeji. Ulinichagulia kitu kizuri, mimi ndiye sina mkono wa kazi hii. Acha nirudi shambani."

Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Nikimpa lenzi kimya kimya atapiga picha nzuri, lakini aibu ya Mlola ataendelea kuibeba yeye wakati ni yangu. Nikisema ukweli, atajua niliambiwa mapema nikanyamaza, hadi akapiga magoti. Na mke wangu sijui ataniangaliaje.

Jumapili baada ya ibada anashuka kuniletea kamera. Ndugu zangu, nishaurini kabla hajafika. Naanzaje kumwambia?