Nyasi Zilizomdanganya Rubani

Nyasi ndefu zikilowa mvua zinanuka kama uji uliolala. Mimi nimekulia kwenye harufu hiyo. Kambi yetu ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania, ilikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, na baba yangu ndiye aliyekuwa akikifyeka. Masika moja nyasi zilimshinda. Zilisimama sawasawa, ukitazama kwa mbali unasema ardhi ndiyo ile. Mdogo wangu Spesi alikuwa mgonjwa, tumbo limejaa kama ngoma, na ndege ilikuwa inakuja kumpeleka hospitali ya mkoa. Baba alimwambia msimamizi wake wa kazi kwamba nyasi zimezidi. Msimamizi hata kwenye gari hakushuka. "Mzee, rubani ana macho. Au kazi nimpe mwingine?" Baba akashika fyekeo lake, akaondoka. Rubani alidhani ncha za nyasi ndiyo ardhi, akapunguza mwendo angali juu, ndege ikaanguka kwa kishindo, gurudumu likakatika. Yeye alitoka mzima. Spesi hakusafiri, na wiki ile ile tulimzika.

Leo naishi Missouri City, kando ya Houston, Texas; binti yangu yuko Plano, karibu na Dallas. Mumewe, Dieudonné, ni fundi katika uwanja wa ndege wa Dallas, wa mitambo ya redio inayoongoza ndege kutua wakati mawingu yamemziba rubani macho. Majira ya baridi yaliyopita mjukuu wangu alipanda ndege hapa Houston kurudi kwao, nami nikasikia Dallas theluji inamwagika. Nikampigia mkwe.

"Hiyo redio yako inaijua theluji?"

"Mama, mawimbi yanagonga ardhi mbele ya mlingoti, yanaruka juu, ndiyo yanachora njia ya kushukia. Theluji ikijaa ni kama ardhi imeinuka. Njia inakuwa na mteremko mkali kuliko unaotakiwa."

"Kwa hiyo inadanganya."

"Ikizidi kina, ndiyo."

"Imezidi?"

 Nikakaza simu sikioni.

"Nimeizima, Mama. Wakubwa wamenuna, lakini nimeizima."

"Nitumie picha ya mtambo umezimwa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akatuma.

Bila redio ile rubani hakuweza kutua mawinguni; ndege iligeuzwa, ikarudi Houston. Mjukuu aliingia kwangu analia, sikukuu ya kuzaliwa ya mama yake imempita, ananifokea kwa Kiingereza kwamba si haki. Nilimwacha alie, nikamwekea chakula. Baba yangu hakuwa mwoga kumshinda Dieudonné. Ila Baba hakupewa cha kuzima.