Kitenge cha Kwaya Kwenye Barafu

Habari hii nilikusudia kuzeeka nayo, lakini kwa kuwa nusu ya kanisa wanaisimulia vibaya, afadhali niisimulie mwenyewe, aibu ni yangu basi angalau iwe sahihi. Mimi ndiye yule msichana aliyevuka uwanja wa barafu kwa tumbo, juu ya kitenge cha kwaya, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi hata kusikia sauti yangu. (Kwa wasionijua, mimi ni yule ambaye kwenye masomo ya Zoom alikuwa anazima kamera halafu bado anajificha chini ya meza.)

Yote yalianza na filamu. Wakati tumefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa riwaya moja nene ya zamani, ya mjane wa nchi ya theluji ambaye, watoto wake wakiwa wakubwa tayari, anaanza kujifunza kuteleza kwenye mto ulioganda, tena siyo kuteleza kwa kwenda tu, bali kule kwa madoido, kwa kuzunguka kama pia, na mji mzima unamcheka. Mwalimu akasema tusome kwanza, kisha tutazame filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu, halafu tuandike tofauti. Na wiki hiyohiyo Mama, ambaye anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, akaambiwa mwenzake wa zamu ana korona, kwa hiyo akajifungia chumbani, na mimi na mdogo wangu Eli tukawa tunaweka sahani mlangoni na kukimbia. Hapa kwetu Toongabbie, pembeni ya Sydney, tuko sisi watatu tu, na bila Mama jikoni nyumba ilikuwa kimya mpaka Eli akaanza kuongea na friji.

Ndiyo nikaamua nitazame filamu pamoja na Mama. Yeye chumbani na simu yake, mimi kwenye korido na kompyuta ya shule, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwake, tunabonyeza kwa pamoja, halafu mimi namtafsiria. (Kiingereza cha kazini Mama anakijua, cha dawa na cha kumgeuza mgonjwa kitandani, lakini wale watu wa filamu walikuwa wanaongea kama wameshikwa pua.)

"Huyo mwenye kofia anasema nini?"

"Anasema mwanamke wa umri wake angekaa nyumbani."

"Mwambie anyamaze."

"Mama, ni filamu."

"Mwambie tu."

Basi mjane akaanguka katikati ya mto, kila mtu anamtazama, na hapohapo picha ikakatika, tukamwona yuko nyumbani anakunywa chai. Mama akagonga mlango kwa ndani.

"Rudisha nyuma. Nani alimwinua?"

"Hawajaonyesha."

"Kitabu kinasemaje?"

Nikatafuta. Kitabu kilisema alilala pale mpaka watu wakachoka kumtazama, kisha akainuka mwenyewe.

"Huyo ana watoto watatu," Mama akasema. "Walikuwa wapi?" Kisha, "Josiane."

"Abee Mama."

"Tukifunguliwa twende. Na mimi nataka kuzunguka vile."

Nikasema sawa Mama, kwa sauti ile ya kumkubalia mtu ambaye kesho atakuwa amesahau.

Hakusahau. Tulipofunguliwa tu akatafuta uwanja wa barafu, akakuta kuna darasa la watu wazima Jumamosi asubuhi, akajiandikisha. Shida ni kwamba Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya mazoezi ya kwaya, na msimamizi wa kwaya ni Mama Mchungaji, yaani mke wa mchungaji wetu, mama mmoja mwenye upendo mwingi na mdomo usiolala. Mama akawa anamtumia ujumbe kila wiki, samahani nina shifti. Siyo kwamba aliona kuteleza ni dhambi. Alinieleza kwenye treni, barakoa imemfika karibu na macho: "Nikianguka mbele ya wageni, nimeanguka mara moja. Nikianguka mbele ya Mama Mchungaji, nitakuwa naanguka kila Jumapili. Akijua tu, naacha. Sina nguvu ya kuchekwa."

Na mimi sikutaka aache. Kwa miezi mingi Mama alikuwa anarudi kutoka kazini na alama za barakoa usoni, anaoga, anakula, analala, na akikuuliza habari za shule unajua hasikilizi jibu. Kule kwenye barafu alikuwa anacheka, akiyumba anacheka, akikosea anacheka, na yule mwalimu wao, msichana mwembamba wa Kikorea, akimshika kiuno na kumgeuza, Mama alikuwa anapiga kelele ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Sasa Jumamosi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, suruali yake nzito ya mazoezi ilikuwa bado inadondosha maji bafuni, akavaa taiti nyeusi na koti refu juu. Tulipofika akavua koti, kwa sababu koti refu huwezi kuzunguka nalo, na ndipo nikaona ile taiti jinsi ilivyombana nyuma, nikaona na wavulana wawili wa shuleni kwetu wamesimama kwa mbali kwenye foleni ya viatu. Mama mwenyewe hakujali. Mimi ndiye niliyeingiza mkono kwenye begi nikatoa kitenge kilichofungiwa bakuli la chapati.

"Mama, jifunge hiki."

"Kwa nini, naonekana vibaya?"

"Hapana. Ni baridi tu."

Akajifunga. Kilikuwa cha bluu chenye tarumbeta kubwa za njano, sare ya kwaya ya akina mama, na Sydney nzima sidhani kama kuna tarumbeta nyingine kama zile. Sikulifikiria hilo. Nilifikiria wavulana.

Siku hiyo kila mwanafunzi alikuwa aende peke yake kutoka ukutani mpaka katikati na kuzunguka, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kukodi, vile vyenye chuma chini, nimeng'ang'ania ubao wa pembeni ili nimpige picha kwa karibu. Mama alikuwa kando yangu akisubiri zamu. Kofia, barakoa, hakuna ambaye angetujua. Ndipo nyuma yetu, ng'ambo ya ubao, nikasikia:

"Hizo siyo tarumbeta zetu?"

Nikageuka. Mama Mchungaji, ambaye kumbe siku hiyo ameahirisha mazoezi, na mjukuu wake amevaa taji la karatasi la sherehe ya kuzaliwa.

"Josiane! Bwana asifiwe, mwanangu." Akaninyoshea mkono.

Hebu nielezeni ningefanyaje. Mwaka mzima yeye mwenyewe alitufundisha kusalimiana kwa viwiko, lakini furaha ilimsahaulisha, na mimi tangu mdogo nimelelewa kwamba mkubwa akikunyoshea mkono unaupokea kwa miwili, huku umeinama kidogo. Kwa hiyo nikaachia ubao. Mikono yote miwili. Nikainama.

Miguu ikaenda yenyewe. Nikamwachia Mama Mchungaji nisije nikamvuta, nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kitenge, fundo likafunguka, nikaanguka nacho kifudifudi kikiwa kimetandazwa chini yangu vizuri kabisa kama mkeka. Hapo ningenyamaza nikainuka. Lakini mtoto mmoja alikuwa anakuja anasukuma pengwini wa plastiki, ile sanamu watoto wanayoishikilia wakijifunza, hajui kujisimamisha, akanigonga nyayoni, na sikujua kumbe kitenge kikavu juu ya barafu kinakimbia kuliko viatu. Nikaenda. Nikapita katikati ya darasa la watu wazima, mzee mmoja akaruka miguu yangu (alikuwa hajawahi kuruka, walimpigia makofi), nikaja kuishia miguuni pa mwalimu. Muziki ukazimwa. Sauti kwenye spika ikaomba kila mtu asimame alipo.

Wote wakasimama walipo, wakanitazama. Nikalaza shavu kwenye barafu nikamkumbuka yule mjane, nikasema basi, nitalala hapa mpaka wachoke.

Kisha nikasikia chuma kinakwaruza. Nikainua kichwa. Mama alikuwa ameachia ukuta, mikono ameifungua kama walivyofundishwa, anakuja, taiti na kila kitu, mbele ya wavulana wa shule, mbele ya Mama Mchungaji, peke yake kwenye uwanja ulionyamaza. Hakuwa anacheka. Alifika, akapiga goti, akanishika kwapani kama anavyowashika wazee wake kazini, akaninyanyua mara moja.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia popote. Mama, amekuona."

"Nimejua."

Tukarudi ukutani tumeshikana, mimi na kitenge begani kinadondosha maji. Mama Mchungaji alikuwa bado pale. Barakoa ile, huwezi kujua mtu anacheka au amekasirika.

"Mama Josiane," akasema. "Kumbe hii ndiyo shifti."

Nilihisi mkono wa Mama umenibana. Nikangoja aombe msamaha.

"Ndiyo, Mama Mchungaji," akasema. "Ni shifti yangu hii."

"Na unateleza vizuri hivyo."

"Najifunza."

"Basi kazungukeni nione, mbona mnanitazama mimi?"

Mama akaenda. Alizunguka mara moja na nusu, akaishia amewapa mgongo watu wote, anatafuta ukuta uko wapi, na ile kelele yake ndogo ikatoka. Mama Mchungaji akapiga makofi mpaka mjukuu akaona aibu. "Mazoezi nitayasogeza mchana," akamwambia. "Lakini sare ya kwaya usije nayo tena huku, inatuangushia watoto."

(Aliyerekodi video ni yule mjukuu. Ndivyo nusu ya kanisa walivyopata habari, na hapana, pale chini sikuwa nasali kama wanavyosema.)

Kwenye treni Mama alinisugua goti muda mrefu, nikadhani anafikiria kazi yake. Tulipokaribia Toongabbie akasema, "Watoto watatu, Josiane. Hata mmoja hakutoka."

"Ni kitabu tu, Mama."

"Mwandikie mwalimu wako kwamba kimekosea."

Nimemwandikia. Na nimejiwekea sheria mbili. Ya kwanza, nikiwa kwenye barafu, hata aje askofu, nasalimia kwa kichwa. Ya pili, sitamfunika tena Mama kwa kitenge ambacho hakukiomba. Jumamosi iliyofuata alivua koti, akabaki na taiti yake ileile, na wale wavulana walikuwepo. Nikamshika mkono tukaingia.