Msellem Azunguka Ziwa

Msellem bin Nyange, fundi cherehani, alihama Kiuyu kwa sababu moja tu: alichoka kutembea. Kwao Kiuyu ukitaka sukari utembee, ukitaka dawa utembee, hata ukitaka kugombana na mtu mwenye akili zake utembee. Basi alipopata kiwanja Jadida, pembezoni mwa mji wa Wete, kando ya ziwa dogo la maji baridi, akajenga nyumba, akaweka cherehani barazani, na kazi yake ya pili ikawa kuwakoga na kuwaringia jamaa zake wa shamba.

"Jadida hapa natia mguu nje, nshafika," alikuwa akiwaambia. "Duka hilo. Nsikiti huo. Nkunga yule pale, uani kwangu. Baiskeli ya nini, yakhe?"

Wala hakusema uongo. Duka la Soud lilitazamana na mlango wake, msikiti ulikuwa nyuma ya duka, na Bi Mwanamize, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, alitenganishwa na jiko la Msellem kwa ua wa makuti tu.

Halafu ikaja siasa. Aliyeishi Pemba miaka ile hahitaji kuelezwa, na asiyeishi hatasadiki. Watu waliokuwa wakila sinia moja waligawana vyama, na vyama vikagawana kilichobaki: maduka, misikiti, mabaraza ya kahawa, mpaka maiti. Wa chama hiki hanunui kwa wa chama kile, hamsalimii, hamziki. Msellem aliwahi kukishonea chama chake bendera, kwa hiyo alijihesabu miongoni mwa viongozi, ingawa viongozi wenyewe hawakuwa na habari hiyo.

Soud alikuwa wa chama kile. Imamu wa msikiti naye vivyo hivyo. Bi Mwanamize mwenyewe hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la siasa, lakini shemeji yake alikuwa chama kile, na hilo lilitosha.

Ndipo mtaa wa karibu ulipomgeukia Msellem kuwa wa mbali. Sukari ikabidi aifuate kwa mwenye duka wa chama chake, ng'ambo ya ziwa, na sala akasali hukohuko. Kulikuwa na njia fupi ya kufikia huko, ila ilipita ubavuni mwa duka la Soud, na Msellem aliapa kwamba mguu wake hautaikanyaga. Alizunguka ziwa zima, kanzu kaikunja mkononi, akipita kwenye matope ya bonde la mpunga, alfajiri, adhuhuri, alasiri. Mtu aliyekimbia Kiuyu kwa kuchoka miguu sasa anatembea kuliko tarishi wa serikali! Na akirudi, matope mpaka magotini, anajiona kaikomboa nchi.

Chai ya nyumbani kwake, lakini, haikukosa sukari hata siku alizosahau kununua. Hilo halikumshughulisha. Mwanamume mwenye mambo makubwa kichwani hatazami kopo la sukari.

Jambo moja tu lilikuwa kubwa kwake kuliko chama, nalo ni mtoto. Yeye na mkewe Mwatima walikaa miaka mingi bila ya kupata. Jamaa walimshauri aoe mke wa pili, akawajibu maneno ambayo hayaandikiki. Mwatima aliposhika mimba, Msellem alilia wazi barazani, mbele ya wateja. Toka hapo alikuwa na hamu moja, kwamba atakapozaliwa mtoto, yeye baba yake ndiye atakayemsomea adhana sikioni, na sauti yake iwe ya kwanza kumwita katika dini. Akawa anaisoma kimoyomoyo huku anashona, na mara nyingine sauti ikimponyoka, wateja wakadhani wakati wa sala umeingia.

Uchungu ulimshika Mwatima asubuhi moja ya masika.

"Bwana, kaniitie Bi Mwanamize," alisema, kashikilia mlango.

"Wa chama kile?"

"Wa uani hapo!"

"Haiwi. Miye namfuata Bi Moza. Nkunga, na tena ntu wetu."

"Bi Moza yu ng'ambo ya ziwa, Msellem."

"N'nakwenda mbio," alisema Msellem, na kweli akatoka mbio, akapita mbele ya duka la Soud bila ya kugeuza shingo, akazunguka.

Alimkuta Bi Moza anakunywa uji. Aliumaliza, akafunga kanga, akatafuta mwavuli. Walipofika njia panda, Msellem akashika njia ya bondeni.

"Wenda wapi weye?" Bi Moza aliuliza. "Njia hii hapa, twatokea kwa Soud mara moja."

"Bi Moza, chama..."

"Chama hakina magoti, miye n'nayo, na yaniuma. Zunguka weye. Miye napita."

Akapita. Msellem akabaki na mvua. Nafsi moja ilimwambia amfuate, na laiti angeisikiliza. Lakini alikumbuka bendera, akaingia matopeni.

Alipofika nyumbani kiatu kimoja hana. Bi Moza alikuwa kakaa jikoni na Bi Mwanamize, wanakunywa chai pamoja, na chumbani mtoto analia.

"Hongera, baba," alisema Bi Mwanamize. "Ntoto wa kike, na mama yake mzima. Mkeo aliponiita nlipita hapo uani, nnapopita kila siku."

Msellem alishukuru Mungu, akanawa, akakimbilia chumbani. Alimwinua binti yake, akamweka sikio la kulia karibu na mdomo.

"Keshasomewa," alisema Mwatima taratibu. "Tulikungoja, Bwana. Hapakuwa na mwanamume. Bi Mwanamize akamwita wa karibu."

"Nani?"

Mwatima alitupa jicho upande wa dukani. Wa karibu alikuwa mmoja tu.

"Nawe nsomee, nani kakuzuia?" Bi Moza alisema kutoka jikoni. "Ila la kwanza lishaingia."

Msellem akaanza. Sauti aliyoizoeza miezi yote ile ilikatika mwanzoni kabisa, ikamshinda. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka nje, na miguu yake kwa mazoea ikaelekea bondeni.

"Bwana Msellem!" Soud aliita. "Huku."

Akavuka njia, akasimama mbele ya meza ya duka kama mgeni. Alitaka kumchukia Soud, ikamuuma kuona hawezi.

"Nlimsomea polepole," Soud alisema. "Alinyamaza akasikiliza. Nisamehe, ilikuwa haki yako."

Msellem aliweka mikono mezani. "Nipe sukari," alisema.

Soud hakuuliza kiasi gani. Alipima, akafunga karatasi, akamkabidhi.

"Kipimo chake Bi Mwatima nakijua," alisema.

Msellem aliipokea ile sukari, akageuka, na kabla machozi hayajamfika mashavuni alikuwa keshafika nyumbani.