Rula na Swichi Kubwa

Shangazi yangu ni mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi ya mkandarasi. Kazini wanamwita Rula, na si kwa sababu ya vifaa vyake tu. Ni mtu wa kunyoosha mambo; hata mkeka ukikaa upande hali chakula mpaka aurekebishe. Naishi naye, kwa hiyo nina haki ya kulalamika.

Mwaka huu Bibi, mama yake, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alitembea kwa kushika ukuta. Mimi hutoka kazini saa nane, Shangazi jioni, na Bibi akawa anabaki peke yake nusu siku. Shangazi aliomba afanyie kazi nyumbani. Bosi hakukataa wala hakukubali. Michoro yote iko kwenye kompyuta ya ofisini, na hataki kuiona ikizurura mifukoni mwa watu kwenye flashi. Akampa mpaka Jumatatu: akiweza kuifungua akiwa nyumbani, sawa, akishindwa, achague kazi au kukaa na mama yake.

Ijumaa Shangazi akamwita fundi wa kompyuta ofisini. Fundi alimweleza kwamba VPN ni njia ya faragha ndani ya intaneti, na hii yake inafunguliwa kwenye kivinjari tu, kama mtu anavyofungua barua pepe. Unaandika anwani, neno la siri, kisha namba inayotumwa kwenye simu. Wakaijaribu palepale kwa laptopu ya Shangazi, kwa intaneti ya simu. Mafaili yakatokea yote. Shangazi alirudi nyumbani kichwa juu, akatununulia soda.

Jumamosi asubuhi akaketi mezani na kuandika anwani. Neno la siri likakubaliwa, namba ikakubaliwa, halafu ukatokea ujumbe kwamba kompyuta ya ofisini haipatikani. Akarudia mara tisa. Akanilaumu mimi kwa kutazama video, akalaumu mtandao, kisha akampigia fundi na kumpa vidonge vyake. Fundi alimwacha amalize.

"Dada, kompyuta ya ofisini jana uliiacha inawaka?"

Ofisi ya Shangazi iliwahi kuungua waya, na tangu hapo anayetoka mwisho huzima swichi kubwa ya jengo zima. Kwa miaka tisa anayetoka mwisho ni yeye. Amewahi kurudi kutoka kituo cha basi kwenda kuhakikisha. Na Ijumaa, kwa furaha yake yote, aliizima kama kawaida.

"Nimeizima mimi mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

Aliniachia Bibi akaenda kuiwasha. Kutoka huko akampigia bosi na kukiri kila kitu, jambo ambalo mimi nisingethubutu. Bosi alicheka mpaka akakohoa. Wakakubaliana kuanzia hapo vizimwe vifaa vingine kimoja kimoja, na kompyuta ile isiguswe. Shangazi akabandika karatasi juu ya swichi, kwa herufi zilezile za kwenye ramani zake: USIZIME.

Jumatatu nilikuwa na mapumziko, kwa hiyo nilishuhudia. Saa nne bosi akapiga simu: fundi mwashi anasema ngazi ni nyembamba. Shangazi akafungua mchoro, akapanua ngazi, akahifadhi. Bosi akaufungua kule ofisini.

"Nimeuona. Endelea hivyohivyo," akasema.

Shangazi akashusha pumzi. Bibi, aliyekuwa kwenye kochi muda wote, akaomba maji, akanywa glasi nzima, akaomba nyingine. Shangazi akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Bibi akasema. "Ulikuwa ukiondoka sinywi kitu. Ningeenda chooni na nani?"

Shangazi akaacha mchoro wazi kwenye skrini, akaenda kujaza glasi.