Moto Ambao Mama Hakuutaja

Uvumilivu uliniisha pale bomani Njombe, karani aliposoma: "Mwanamke huyu alichoma msitu." Mama, mahabusu tangu jana, alitazama dirishani. Kanga yake ilinuka moshi.

Harufu hiyo naijua tangu utotoni. Siku moja, nikiwa mdogo, upepo ulivuma kutoka Makambako, majivu yakaelea polepole, yakatua kwenye majani ya maharage bila sauti. Kwetu moto wa nyika hautajwi kabla haujazimika, usije ukadhani umeitwa.

"Mgeni yuko njiani, mwanangu," mama alinong'ona. "Tumsafishie pa kupita."

Akachoma ukanda wa nyasi kuzunguka nyumba, nami nikipiga ndimi ndogo kwa tawi bichi. Mgeni akafika, akakuta weusi mtupu, akapita.

Juzi mama kafanya vilevile.

"Nimemuuliza moto umetoka wapi," karani alisema. "Hajibu. Na kiberiti anacho."

"Mlima bado unafuka, kaka. Hawezi kuutaja."

"Basi utaje wewe, dada."

Nikamweka mgongoni mwanangu niliyekuja naye, nikamwandikia mkuu wa boma: "Kwa Bwana Shauri. Nalalamika. Moto ulitoka mlimani. Mama yangu alichoma nyasi za uani kwake tu, ili kuukinga. Naomba aachiwe leo."