Sweta Juani

Nikifua sweta, harufu ya sufu iliyolowa hunirudisha Msambweni, darasa la saba, ambako mimi peke yangu nilivaa sweta juani, kuficha madoa ya jasho kwenye shati. Makwapa yangu yalitoka jasho hata nikikaa kivulini bila kazi, na kukaa bila kazi ndicho kipaji changu hadi leo. Wenzangu wakinitania, "Wewe, umekuja na baridi ya Limuru?" Majibu ya maswali ya mwalimu niliyajua, lakini kunyoosha mkono sikuthubutu.

Shangazi yangu alikuwa dobi wa hoteli huko Diani, na Mungu amzidishie kheri. Siku moja alinivua lile sweta bila kuniuliza.

"Marashi ya mamako umeyamaliza, mwanangu! Marashi yanaficha harufu, jasho hayazuii. Ukuta unaovuja haupakwi rangi, unazibwa." Akanipa jiwe la shabu, lile jeupe la kuzuia jasho. "Oga, jikaushe, uliloweshe, upake makwapani kabla ya kulala. Kila siku, mvivu wee!"

Baada ya wiki niliingia darasani na shati peke yake. Mwalimu akauliza swali, nikanyoosha mkono juu kabisa. Nilikosea. Darasa zima likacheka jibu langu. Jibu tu. Nikanyoosha tena.